Wati za kwenye boksi hazijazi sebule

*Mwenye nyumba kubwa ashauriwa kupima chumba kabla ya kupima mfuko*

MPUNGA ukishavunwa na kuuzwa katika kata ya Tindiga, wilayani Kilosa, fedha za msimu huwa na wagombea wengi: ada za shule, mabati, pikipiki, pembejeo za msimu ujao na, kwa wenye nyumba mpya, muziki wa sebuleni. Katika orodha hiyo muziki ndio unaonunuliwa kwa haraka, na ndio unaoweza kumrudishia mnunuzi kidogo kuliko alicholipa.

Kinachompoteza ni namba moja. Kwenye boksi la redio au sabufa huandikwa wati 5,000, wati 10,000 au zaidi, kwa herufi zinazoonekana toka ng'ambo ya barabara. Mwenye sebule kubwa huiona namba hiyo akaamini kuwa dawa ya chumba chake imepatikana. Akifika nyumbani hukuta besi inagonga kuta, maneno ya mwimbaji hayashikiki, na walioketi mwisho wa chumba wanaomba sauti iongezwe huku walio karibu wakiziba masikio.

Kwa mwenye duka la vifaa hivyo, na kwa mtu wa mtaji mdogo anayefikiria kuweka muziki katika mgahawa au ukumbi wa kukodisha, hesabu ni ile ile. Kabla ya kuuliza bei ni vizuri kujua kinachouzwa.

Hesabu ya plagi

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni volti 230. Plagi ya pini tatu inayotumika kwa kawaida imetengenezwa kupitisha umeme usiozidi ampea 13. Namba hizo mbili zikizidishwa, jibu ni karibu wati 3,000, na huo ndio mwisho wa nguvu ya plagi moja. Kifaa cha wati 10,000 za kweli kingehitaji zaidi ya ampea 43. Hivyo sabufa inayochomekwa kwenye soketi moja na pasi ya nguo haiwezi kutoa wati 10,000 mfululizo, boksi liseme lisemavyo.

Namba hizo kubwa hutokana na kipimo kinachoitwa PMPO, ambacho hakina kanuni moja inayofuatwa na viwanda vyote. Kila mtengenezaji hukokotoa apendavyo. Kipimo chenye maana kwa mnunuzi ni wati za mfululizo, ambazo huandikwa RMS, kwa kawaida kwa herufi ndogo ndani ya kitabu cha maelezo.

Kama kitabu hakisemi, kifaa kigeuzwe nyuma na kusomwa kibandiko cha umeme. Kikionyesha kuwa kifaa kinatumia wati 60, mnunuzi asitarajie maelfu kutoka humo. Hakuna mashine inayotoa nguvu kuliko ile inayopokea, na sehemu ya nguvu hiyo hupotea kama joto. Amplifaya za mtindo wa zamani zinaweza kupoteza karibu nusu. Za kisasa za daraja D hupoteza kidogo. Kwa makadirio ya haraka, kibandiko cha wati 60 ni sauti ya wati 30 hadi 50.

Wati 30 za kweli si haba

Habari njema ni kwamba wati 30 za kweli zinaweza kufanya kazi kubwa. Kinachoamua ni jinsi spika inavyogeuza umeme kuwa sauti. Kipimo chake huitwa sensitiviti, nacho huandikwa kwa desibeli zinazopatikana kwa wati moja, umbali wa mita moja. Spika nyingi ndogo za nyumbani huwa kati ya desibeli 84 na 88. Spika za kumbini zenye koni ya inchi 12 au 15 zinaweza kufika 95 na kupita.

Tofauti hiyo ndiyo fedha. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili. Desibeli 10 ni mara kumi. Spika ya desibeli 97 ikipewa wati 10 hutoa sauti sawa na ile ya desibeli 87 iliyopewa wati 100. Tena sikio la binadamu huhitaji karibu desibeli 10 ndipo lihisi kuwa sauti imekuwa mara mbili.

Kwa hiyo mtu anayeuza amplifaya ya wati 50 na kununua ya wati 100, spika zikibaki zile zile, amelipia desibeli 3 tu. Mabadiliko yatasikika kidogo. Fedha hizo hizo zikiwekwa kwenye spika yenye sensitiviti kubwa zingeleta mabadiliko ambayo hata mtoto wa jirani angeyatambua.

Sebule kubwa ni kubwa kiasi gani?

Neno "kubwa" halitoshi dukani. Mnunuzi aende na vipimo: urefu, upana na kimo cha chumba, kwa mita.

Ichukuliwe sebule ya kawaida ya mita 4 kwa 5, yenye kimo cha mita 2.7. Ujazo wake ni mita 54 za ujazo. Sasa ichukuliwe sebule ya nyumba kubwa ya familia, ile inayopokea wageni wa harusi na misiba, ya mita 8 kwa 12 na kimo cha mita 3.5. Ujazo wake ni mita 336, yaani zaidi ya mara sita ya ile ya kwanza.

Ikiwa mwangwi wa vyumba vyote viwili ni sawa, chumba cha pili kitahitaji karibu mara sita ya nguvu ili sauti ilingane. Aliyetosheka na wati 10 katika sebule ndogo atahitaji kama wati 60 kwa spika zile zile, au abaki na wati zake 10 na kutafuta spika iliyo juu kwa desibeli 8. Katika mahitaji yote mawili, wati 10,000 hazimo.

Mwangwi hauandikwi kwenye boksi

Lakini vyumba hivyo viwili kwa kawaida havina mwangwi sawa, na hapo ndipo mnunuzi wa vijijini anapopata hasara asiyoijua. Nyumba kubwa nyingi zina kuta za matofali zilizopigwa lipu, sakafu ya saruji au vigae, madirisha ya vioo na paa la mabati ambalo bado halijawekewa dari. Vitu vyote hivyo hurudisha sauti, na kila neno la mwimbaji hukutwa na mwangwi wa neno lililotangulia.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi wa mihadhara ambamo maneno hayakueleweka. Kazi ya kuurekebisha alipewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Alifanya majaribio usiku, wakati wa utulivu, akiingiza mito ya viti kutoka ukumbi mwingine na kupima sekunde ambazo sauti ilichukua hadi kuzimika. Kanuni aliyoipata inatumika hadi leo: ujazo wa chumba huzidishwa kwa 0.161, kisha hugawanywa kwa eneo linalonyonya sauti.

Sebule ile ya mita 8 kwa 12 ina kuta, sakafu na sehemu ya juu zenye jumla ya mita za mraba 332. Zikiwa tupu na ngumu, zikinyonya asilimia 3 tu ya sauti, ni sawa na kuwa na mita 10 za kunyonya. Sauti itachukua zaidi ya sekunde tano kuzimika. Hakuna spika, hata ya bei mbaya, itakayoeleweka humo.

Eneo hilo likifikishwa mita 40, muda hushuka chini ya sekunde moja na nusu, na chumba kinaanza kufaa kwa muziki. Kinachofanya kazi hiyo ni zulia nene, mapazia mazito yenye mikunjo, makochi ya kitambaa na dari. Mkeka mwembamba husaidia kidogo tu. Mtu mzima mmoja hunyonya karibu nusu mita ya mraba, hivyo wageni 20 ni sawa na mita 10. Ndiyo maana chumba kinachopiga kelele kikiwa kitupu huwa na heshima kidogo siku ya sherehe.

Dari ina faida ya pili. Mvua ya masika ikipiga mabati matupu, muziki wote huzimwa na Mungu mwenyewe. Anayepanga kununua spika na kuweka dari katika mwaka mmoja aanze na dari.

Besi bila gitaa

Mkoa wa Morogoro ndio uliotoa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz, bendi aliyopitia Mbaraka Mwinshehe kabla ya kuanzisha Super Volcano mwaka 1973. Wapenzi wa muziki huo wanajua kuwa utamu wake uko kwenye magitaa na sauti za waimbaji. Sauti hizo hukaa katikati, juu ya mahali sabufa inapofanyia kazi.

Seti nyingi za bei nafuu zina boksi moja kubwa la besi na spika ndogo mbili au nne zenye koni ya inchi tatu. Boksi la besi hufanya kazi hadi karibu hezi 150 au 200. Spika ndogo hazina ukubwa wa kushuka hadi hapo kwa nguvu. Kati yao hubaki pengo, na ndani ya pengo hilo ndimo inamozama sehemu ya sauti ya mwimbaji wa kiume na nyuzi nene za gitaa. Katika chumba kidogo pengo hilo hufunikwa na kuta zilizo karibu. Katika sebule kubwa husikika wazi.

Kwa chumba kikubwa, jozi ya spika za kusimama zenye koni ya inchi 8 hadi 12 na twita inayojitegemea ni msingi bora. Sabufa inaweza kuongezwa baadaye, mfuko ukiruhusu. Chumba kikiwa kirefu sana, spika nne za wastani zilizosambazwa huwafikia watu kwa usawa kuliko mbili kubwa zinazowaumiza walio mbele.

Mahali pa kuziweka nako ni fedha. Spika ikisukumwa kwenye kona, besi huongezeka na maneno hufifia. Ikisogezwa nusu mita kutoka ukutani, twita ikiwa usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, sauti husafishika bila kulipiwa senti.

Mitumba: faida na mtego

Spika za mitumba kutoka Japani na Ulaya zinaweza kumpa mwenye fedha kidogo koni kubwa na boksi la mbao nzito. Lakini zina mitego mitatu.

Wa kwanza ni umeme. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100. Spika tupu, isiyo na amplifaya ndani, haina tatizo kwa kuwa haichomekwi ukutani. Amplifaya au spika yenye amplifaya yake ikichomekwa kwenye volti 230 bila transfoma huungua papo hapo. Bei ya transfoma iingizwe kwenye hesabu kabla ya kusifia kuwa kitu ni rahisi.

Wa pili ni ukingo wa koni. Spika nyingi za zamani zina ukingo wa sponji, ambao huoza kwa umri, joto na unyevu. Ukiguswa kwa kidole hubaki unga. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Fundi anaweza kubadili sponji, lakini kazi hiyo ni ya kulipiwa na vipuri vyake havipatikani kila mji.

Wa tatu ni koili iliyoungua au kuhama. Koni ikisukumwa taratibu kwa vidole vya mikono miwili, isitoe mkwaruzo. Kipima umeme cha fundi kikiwekwa kwenye ncha za spika ya omu 8, kwa kawaida husoma karibu omu 6. Kikikaa kimya kabisa, waya umekatika mahali.

Omu zenyewe zisipuuzwe. Amplifaya iliyoandikwa kuwa ni ya omu 8 ikifungwa spika za omu 4 hulazimika kutoa umeme mwingi zaidi, hupata moto na inaweza kufa.

Waya, umeme na maji

Sebule kubwa huhitaji waya mrefu, na waya mwembamba hula nguvu. Waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba, umbali wa mita 15, una ukinzani wa karibu omu moja kwenda na kurudi. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni zaidi ya asilimia 11 ya nguvu inayopotea njiani. Kwa spika ya omu 4 ni asilimia 20. Waya wa milimita 2.5, ule unaotumika kwenye soketi za nyumba, hupunguza hasara hiyo mara tano.

Kwa wanaotumia sola, hesabu ni rahisi. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini ili idumu isitumiwe zaidi ya nusu. Kifaa kinachotumia wati 60 kitapiga chini ya saa kumi, kwa kuwa inveta nayo huchukua chake. Hapa pia spika yenye sensitiviti kubwa humwokoa mwenyewe, kwa sababu hufikisha sauti ile ile kwa umeme mdogo.

Kilosa ni nchi ya bonde na mto. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu makazi na kukata reli ya kati. Boksi la spika lililotengenezwa kwa mbao za kubanwa hufura likilowa mara moja na halirudi. Stendi ya matofali mawili au matatu ni bima ya bei ndogo.

Mgawanyo wa fedha

Ichukuliwe kuwa mnunuzi ametenga sh. 1,000,000. Mgawanyo wa busara kwa sebule kubwa na tupu unaweza kuwa hivi: sh. 450,000 kwa jozi ya spika, sh. 250,000 kwa amplifaya, sh. 200,000 kwa mapazia na zulia, na sh. 100,000 kwa waya na kifaa cha kulinda umeme usipande na kushuka. Anayetumia milioni yote kwa boksi moja lenye namba kubwa atakuwa amenunua kelele.

Wakati nao una bei. Mpunga kwa kawaida huwa rahisi mara tu baada ya mavuno na hupanda ghala zinapopungua. Mkulima anayeuza magunia ya ziada wakati wa bei ya chini ili awahi spika, hulipa mara mbili: dukani, na kwenye gunia ambalo angeliuza kwa bei nzuri baadaye. Muziki unaweza kungoja. Mnunuzi wa mpunga akijua mtu ana haraka, hushusha bei.

Kwa mwenye duka na mwenye ukumbi

Mfanyabiashara wa Kilosa au Mikumi anayefuata mzigo Kariakoo au Morogoro mjini hubeba hatari ya kurudisha kifaa kibovu kwa nauli yake. Apime kila boksi kabla ya kufunga safari, adai risiti ya mashine ya kodi na kuandikiwa muda wa dhamana. Bidhaa zenye nembo za kughushi zinaweza kukamatwa na Tume ya Ushindani, na hasara hubaki kwa aliyekutwa nazo.

Dukani, faida ya kudumu iko kwenye ukweli. Anayebandika wati halisi pembeni ya namba ya boksi, na kumruhusu mteja asikilize spika mbili kwa wimbo mmoja, anaweza kukosa mauzo ya leo lakini hatapata mteja wa kurudisha mzigo. Katika mji mdogo, mteja aliyeridhika huleta jirani, na aliyedanganywa huleta maneno.

Mwenye kugeuza sebule kuwa biashara, iwe ukumbi, baa au kibanda cha mpira, ana gharama nyingine mbili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawapa watunzi haki juu ya kazi zao zinapopigwa hadharani. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinaweka viwango vya sauti kwa maeneo ya makazi, na usiku viwango hivyo huwa vya chini zaidi. Spika zilizosambazwa ndani ya chumba chenye mapazia humpa mwenye biashara nafasi ya kuwaridhisha wateja bila kumwamsha jirani.

Ya kukagua kabla ya kulipa

• Vipimo vya chumba viwe mfukoni, kwa mita.
• Kibandiko cha nyuma kisomwe: volti 230, na wati zinazotumika.
• Iulizwe sensitiviti kwa desibeli. Muuzaji asipojua, isomwe kwenye kitabu.
• Omu za spika zilingane na za amplifaya.
• Koni isukumwe taratibu; ukingo ukaguliwe kwa kidole.
• Kifaa kipigwe kwa dakika zisizopungua kumi, kwa wimbo ambao mnunuzi anaujua kwa moyo, akiwa amesimama mbali na mlangoni mwa duka.
• Risiti na dhamana zipatikane kabla fedha haijatoka mkononi.

Baada ya hapo ndipo iulizwe bei.